Seli shina au mfupa wa nyonga kwa mpasuko wa ufizi: je, ni busara kusubiri?

Baba Nuru ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Binti yangu alizaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa upande wa kushoto. Mdomo ulishonwa angali mchanga, kaakaa likazibwa baadaye, na anayekutana naye leo huona kovu jembamba tu chini ya pua. Kilichobaki ni pengo katika ufizi wa juu, mahali ambapo jino la chonge linatazamiwa kuota, pamoja na kitundu kidogo juu yake ambacho wakati mwingine hupitisha maji ya kunywa hadi puani. Sasa ana miaka minane, na daktari wake anashauri kwamba katika mwaka mmoja ujao achotwe mfupa nyongani na kupandikizwa katika pengo hilo.

Wakati huohuo nimesoma habari nyingi kuhusu seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaana na kugeuka kuwa seli za aina nyingine, zinazooteshwa maabara na kutengeneza mfupa mpya bila nyonga kuguswa. Baadhi ya maandishi yanazungumza kana kwamba tiba hii imekwisha kufika, mengine kana kwamba ni ndoto. Naomba wenye ujuzi wanifafanulie: je, seli hizo zimekwisha kutumiwa kwa watoto wenye mpasuko, na matokeo yalikuwaje? Kuna ubaya gani tukisubiri miaka mitatu au minne hadi zipatikane kwa wote, ili mtoto aepushwe jeraha la pili? Mama yake ana hofu nyingine: iwapo mpasuko umetokana na kasoro katika mwili wa mtoto mwenyewe, je, seli zake zitaweza kweli kujenga mfupa ambao hazikuujenga alipokuwa tumboni?

Mpasuaji wa Taya amejibu:

Ndugu Baba Nuru, nitaanza na suala la kusubiri, kwa kuwa mengine yote yanaweza kungoja isipokuwa hilo.

Jino la chonge la kudumu katika taya la juu huota kwa kawaida mtoto akiwa na miaka 11 au 12. Ili lishuke mahali pake, linahitaji mfupa wa kupitia. Ndiyo maana upandikizaji hupangwa wakati mzizi wa jino hilo umefikia nusu hadi theluthi mbili ya urefu wake, jambo ambalo kwa watoto wengi huangukia kati ya miaka 8 na 11. Jino likishuka ndani ya mfupa mpya huupa kazi, na mfupa wenye kazi hudumu. Usio na kazi huliwa na mwili wenyewe kidogo kidogo. Likiwa limekwisha kuota kando ya pengo, sehemu ya mzizi wake hubaki bila kifuniko cha mfupa, na mfupa unaopandikizwa baadaye haushiki juu ya mzizi ulio wazi. Kundi la Bergland huko Oslo lilionyesha mwaka 1986, kwa kufuatilia wagonjwa wengi, kwamba waliopandikizwa kabla ya chonge kuota walipata ukingo wa mfupa mzuri zaidi kuliko waliopandikizwa baadaye. Upasuaji wa baada ya hapo unafanyika, na huwasaidia watu wengi, lakini daktari huwa anapigania kiasi kidogo zaidi cha mafanikio.

Kuwahi mno nako kuna hasara yake. Katika miaka ya 1950 na 1960 watoto wachanga walikuwa wakipandikizwa mfupa mapema sana, na wengi wao taya la juu lilidumaa, uso ukaonekana umebonyea katikati. Boyne na Sands wa Marekani walipoeleza mwaka 1972 namna ya kupandikiza katika umri wa meno mchanganyiko, yaani baadhi ya meno ya utoto yakiwa bado yapo na ya kudumu yakianza kushika nafasi, ndipo njia tunayoifuata hadi leo ilipopatikana. Miaka mitatu au minne unayoitaja itampeleka binti yako hadi 11 au 12. Kwa mtoto mwenye pengo kama lake hiyo si subira ndogo.

Niongeze jambo ambalo wazazi wengi hulichanganya. Kaakaa la mtoto wako limezibwa kwa nyama laini tu, na katikati yake mfupa unaweza usiwepo kabisa. Hilo kwa kawaida halileti shida na halihitaji kupandikizwa. Mfupa unaohitajika ni wa ukingo unaobeba meno. Huo ndio unaounganisha vipande viwili vya taya viwe kitu kimoja, unaoegemeza upande wa pua uliolala, unaosaidia kuziba kitundu kinachopitisha maji, na unaompa mtaalamu wa kunyoosha meno mahali pa kusogezea meno.

Sasa kuhusu nyonga. Mtoto akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, daktari huinua ufizi pande zote mbili za pengo, hushona kwanza tabaka la juu liwe sakafu ya pua, halafu mwenzake hufungua kidirisha kidogo kwenye ukingo wa nyonga na kuchota kwa kijiko chenye makali mfupa wa ndani, ule ulio kama sifongo. Hutoka chembechembe zenye unyevu, nyekundu iliyokoza, ambazo hushindiliwa ndani ya pengo hadi lijae na kuinua kidogo kitako cha pua, kisha ufizi hufunikwa juu na kushonwa bila kuvutwa sana. Baada ya hapo mtoto huumwa nyonga zaidi kuliko mdomo. Huchechemea kwa siku kadhaa, na wachache hupata ganzi upande wa nje wa paja iwapo neva ya ngozi imeguswa. Kovu hubaki. Damu kuvilia au kidonda kuingia usaha hutokea pia, ingawa si kwa kawaida. Sidharau maumivu hayo, lakini nataka uone kilichomo ndani ya chembechembe zile: mna seli shina zilizo hai, mna muundo wa madini na kolajeni (protini ya nyuzinyuzi) wa kuzishikilia, na mna protini zinazoziamuru zijenge. Maabara inajitahidi kukusanya vitu vitatu ambavyo nyonga huvitoa vikiwa vimeshachanganywa.

Mkulima wa Seli amejibu:

Daktari amenipunguzia kazi kwa sentensi yake ya mwisho. Mimi sipasui, kazi yangu ni kuotesha seli, na ningependa kueleza mambo yalipofikia bila kuyatia chumvi wala kuyabeza.

Langer na Vacanti walipoandika mwaka 1993 kuhusu uhandisi wa tishu, yaani kujenga upya sehemu za mwili kwa msaada wa maabara, waliweka msingi ambao bado tunautumia: seli, kiunzi cha kuzibeba, na vichocheo. Seli zinazohusika hapa ni zile za jamii ya mesenkima, yaani zinazoweza kuwa mfupa, gegedu au mafuta, ambazo Friedenstein wa Urusi alianza kuzieleza kutokana na uboho miongo kadhaa iliyopita. Baadaye ziligunduliwa pia katika nyama ya ndani ya jino la kudumu (2000), katika mafuta yaliyo chini ya ngozi (2001), na katika meno ya utoto yanayong'oka (2003). Ndani ya chupa ya kuoteshea seli hizi hujishikiza kwenye plastiki, nazo zina umbo refu lililochongoka ncha mbili. Zikiongezewa deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi), vitamini C na chanzo cha fosfeti, baada ya wiki tatu hivi huanza kujitandazia madini. Ukimwaga rangi iitwayo alizarini, sakafu ya chupa hujaa madoa mekundu pale penye kalisi. Mtu akiyaona mara ya kwanza huamini kwamba mfupa umekwisha kupatikana. Ila kutandaza kalisi kwenye plastiki ni jambo moja, na kujenga mfupa wenye mishipa ya damu mdomoni mwa mtoto ni jambo jingine kabisa.

Ndiyo, zimetumiwa kwa binadamu wenye mpasuko. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walieleza habari za msichana wa miaka tisa aliyewekewa seli zake mwenyewe za uboho, zilizoelekezwa kuwa mfupa na kuchanganywa na plazma, yaani majimaji ya damu yake, yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu. Baada ya miezi tisa pengo lilikuwa limejaa mfupa kwa takriban asilimia 79. Mwaka 2009 watafiti wa Irani waliripoti wagonjwa wawili waliowekewa seli za uboho juu ya kiunzi cha mfupa ulioondolewa madini na salfeti ya kalisi, na baada ya miezi minne mfupa mpya ulikuwa asilimia 34.5 kwa mmoja na 25.6 kwa mwingine. Huko Brazili kundi moja limefanya kazi ya miaka mingi kwa seli za meno ya utoto juu ya kiunzi cha kolajeni na madini yaitwayo hidroksiapatiti, na limezipeleka hadi kwa watoto wenyewe. Kutoka asilimia 25 hadi 79 ni tofauti kubwa mno, na sababu yake haiko kwenye seli peke yake: viunzi havikuwa vya aina moja, muda wa kupima haukuwa mmoja, na umri wa wagonjwa ulitofautiana.

Kuna mtego mwingine ambao makala za magazeti mara nyingi haziutaji, ingawa kwangu ni miongoni mwa mambo makubwa. Hidroksiapatiti ni madini yaleyale ya mfupa. Katika picha ya CT huonekana nyeupe. Kwa hiyo anayepima ujazo wa weupe ndani ya pengo muda mfupi baada ya upasuaji anaweza kukihesabu kiunzi kuwa ni mfupa, na mtoto akaonekana amepona wakati kilichopo ni chembe za madini zilizozungukwa na nyama ya kovu. Ushahidi ninaouamini zaidi ni jino lenyewe kushuka kupitia hapo.

Kuhusu seli kufa: seli iliyo hai haiwezi kukaa mbali na mshipa wa damu kwa zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi za milimita, kwa sababu oksijeni haifiki. Pengo la ufizi lina upana wa milimita kadhaa. Seli tunazoziweka katikati ya kiunzi siku ya upasuaji ni kama mbegu zilizomwagwa juu ya mwamba. Nyingi hufa kabla mishipa haijazifikia. Hata hivyo mfupa huonekana kuota vizuri zaidi zilipowekwa kuliko zisipowekwa, katika majaribio mengi ya wanyama. Maelezo yanayokubalika sana sasa ni kwamba mchango wao mkubwa si kugeuka kuwa mfupa zenyewe, bali ni kutoa protini zinazoita mishipa ya damu na kuziamsha seli za mfupa zilizoko kwenye kingo za pengo. Ndiyo sababu tunahangaika sana na matundu ya kiunzi, ambayo yanapendelewa yazidi mikroni 300, yaani sehemu tatu za kumi za milimita, ili mishipa ipenye.

Hofu ya mama ni hoja ya haki, na watafiti nao wamejiuliza hivyohivyo. Wabrazili walichukua vipande vidogo vya msuli wa mdomo vinavyobaki wakati wa kushona midomo ya watoto wenye mpasuko, wakaotesha seli shina zake, na zikaweza kujenga mfupa katika mapengo yaliyotengenezwa kwenye fuvu la panya. Mpasuko hutokea katika wiki za mwanzo za mimba, pale vipande vya uso vinapotakiwa kukutana na kuungana, kwa mchanganyiko wa urithi na mazingira. Kushindwa kukutana kwa wakati ule hakumaanishi kwamba seli hazijui kazi ya kujenga mfupa. Mifupa mingine yote ya binti yenu ni shahidi.

Mwenye Kovu amejibu:

Naomba niseme kama mtu aliyepitia. Nilipandikizwa mfupa wa nyonga nikiwa na umri unaokaribia wa binti yako, na leo ni mtu mzima mwenye jino la chonge lililoota lenyewe mahali hapo. Nyonga iliuma kweli, na nilikuwa nashuka ngazi nikitanguliza mguu mmoja kama mzee, lakini ni maumivu yaliyokwisha. Lililonichosha zaidi ni maandalizi: kifaa cha kupanua taya la juu kilichokaa mdomoni kwa miezi mingi, na mama aliyekuwa akinisimamia kupiga mswaki kando ya pengo, mahali ambapo mswaki wa kawaida haufiki. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kidonda cha ufizi mchafu hufumuka, na kikifumuka mfupa huoza na kutoka. Wazazi wakiniuliza, huwaambia wajishughulishe na hilo kwanza, kwa sababu seli za maabara nazo zitawekwa katika mdomo uleule.

Msomi Mdadisi amejibu:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini nadhani mfupa wa nyonga unapewa heshima bila kuhojiwa. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaopima ushahidi wa tiba, kuhusu upandikizaji wa aina hii yalipata majaribio mawili tu yaliyostahili kuingizwa, yote madogo, na waandishi hawakuweza kutoa hukumu. Moja lililinganisha nyonga na protini inayochochea mfupa, ile inayoitwa BMP-2. Iwapo ushahidi wa njia ya zamani wenyewe ni mwembamba kiasi hicho, kwa nini njia mpya idaiwe ushahidi mzito? Na kwa nini mtoto asiwekewe protini hiyo juu ya kipande cha kolajeni, akaepuka nyonga na maabara pia?

Mpasuaji wa Taya amejibu:

Ndugu Mdadisi, unachosema kuhusu majaribio ni kweli, nami sioni aibu kukiri kwamba fani yetu ilichelewa kuyafanya. Lakini upungufu wa majaribio ya kulinganisha haumaanishi kwamba hatujui kitakachotokea. Tangu 1972 watoto wengi mno wamepandikizwa mfupa wa nyonga na kufuatiliwa hadi utu uzima. Tunajua madhara yake, tunajua hutokea lini, na tunajua cha kufanya yakitokea. Kwa seli zilizooteshwa tuna wagonjwa wachache waliofuatiliwa kwa muda mfupi. Ninapoombwa kuchagua kwa ajili ya mtoto wa mtu, uzito wa vitu hivi viwili haulingani.

BMP-2 ni hadithi yenye mafunzo yake. Urist aligundua mwaka 1965 kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukizikwa ndani ya msuli, huufanya msuli uote mfupa. Protini zilizosababisha hayo zikaja kutengenezwa viwandani. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu BMP-2 kwa uti wa mgongo mwaka 2002 na kwa kazi fulani za mdomoni mwaka 2007, ila kwa watu ambao mifupa yao imekwisha kukomaa. Mwaka 2008 mamlaka hiyohiyo ilitoa onyo baada ya wagonjwa waliowekewa shingoni kuvimba kiasi cha kubanwa njia ya hewa. Tatizo ni dozi: kwa kuwa protini huyeyuka na kuondoka upesi kwenye kolajeni, huwekwa kwa wingi unaozidi sana ule wa mwili wenyewe. Wapo wapasuaji wanaoitumia kwa watoto wenye mpasuko nje ya kibali hicho, na mapengo mengi hujaa vizuri, lakini uvimbe wa uso katika siku za mwanzo huwa mkubwa, na mzazi anastahili kuambiwa kabla ya kutia sahihi kwamba matumizi hayo hayakuidhinishwa kwa umri wa mtoto wake.

Baba Nuru ameandika:

Nawashukuru nyote, hasa ndugu Mwenye Kovu, kwa kuwa binti yangu amesomewa ujumbe huo na amecheka tulipofika kwenye habari ya ngazi. Suala la kusubiri nimelielewa, na hatutasubiri. Nimebaki na moja. Meno yake ya utoto yanaendelea kung'oka, na kuna kampuni zinazotangaza kuyahifadhi kwa malipo ya kila mwaka ili yatumike siku za usoni. Je, kuna maana yoyote kufanya hivyo hata kama upasuaji wa sasa utatumia nyonga? Kitovu chake hatukuhifadhi alipozaliwa, na kuna aliyetulaumu kwa hilo.

Mkulima wa Seli amejibu:

Aliyewalaumu kuhusu kitovu hakuwatendea haki. Damu ya kitovu ina seli shina nyingi za kutengeneza damu, ambazo ni hazina kwa magonjwa ya damu, lakini seli za jamii inayojenga mfupa ndani ya damu hiyo ni haba. Zipo zaidi katika nyama ya utepe wenyewe wa kitovu, nazo bado hazijawa tiba ya kawaida ya pengo la ufizi popote.

Meno ya utoto yana kisa kizuri. Songtao Shi, daktari wa meno ya watoto aliyekuwa mtafiti nchini Marekani, alivutiwa na kipande cha nyama nyekundu alichokiona ndani ya jino lililong'oka la binti yake wa miaka sita, na uchunguzi uliofuata ndio uliochapishwa mwaka 2003. Ndani ya kila jino la mbele walipata seli kati ya 12 na 20 hivi zenye uwezo wa kushika na kuanzisha koloni. Ni chache mno, lakini huzaana upesi, na kwa wiki chache za kuoteshwa hufika mamilioni.

Hata hivyo jino lazima liwe na nyama iliyo hai. Lililoning'inia muda mrefu hadi mzizi wote ukaliwa huwa limebaki ganda. Lililooza hadi ndani limekwisha kuchafuka. Lililong'oka usiku na kuwekwa kwenye karatasi hadi asubuhi limekauka. Hufaa zaidi likitolewa na daktari wa meno likiwa bado linashika kidogo, likatumbukizwa mara moja katika kimiminika maalumu na kufikishwa maabara upesi, kabla seli hazijaanza kufa. Wabrazili niliowataja walifanya kazi kwa utaratibu huo, jino likitolewa kwa ajili ya upasuaji unaokuja. Kulipia hifadhi ya jino kwa miongo kadhaa kwa ajili ya ugonjwa usiojulikana ni biashara ya aina nyingine. Ikiwa binti yako atahitaji seli akiwa mtu mzima, uboho wake na mafuta yake bado yatakuwepo. Kwa maoni yangu fedha hizo zina kazi bora zaidi kwa mtaalamu wa kunyoosha meno.

Kwa kuwa umekwisha kuanza kutafuta, huenda siku moja ukafuatwa na kituo kinachotoa tiba ya seli shina kwa mpasuko. Jaribio la kweli huwa limepitishwa na kamati ya maadili na kuandikishwa katika daftari la wazi la majaribio. Maelezo ya ridhaa hutamka madhara pamoja na faida. Na anayefanyiwa jaribio kwa kawaida hatozwi bei ya tiba inayojaribiwa. Uliza seli zinaoteshwa katika kimiminika gani, maana maabara nyingi hutumia seramu ya ndama na nyingine zimehamia kwenye dondoo la chembe sahani za binadamu. Uliza zinazalishwa mara ngapi kabla ya kurudishwa mwilini, na iwapo hupimwa bakteria, maikoplazma (vijidudu vidogo mno vinavyochafua seli za maabara) na mabadiliko ya kromosomu kabla ya kutoka maabara. Mwenye maabara ya kweli atafurahia maswali hayo. Na usikubali hata kidogo seli zilizogeuzwa ziweze kuwa karibu aina yoyote ya seli, zile zinazotengenezwa kwa kurudisha seli za ngozi nyuma hadi hali ya kiinitete, kwa tatizo lisilotishia uhai: zikibaki chache ambazo hazijakomaa zinaweza kuunda uvimbe.

Mpasuaji wa Taya amejibu:

Naongeza la meno tu, kwa kuwa linahusu ratiba yenu. Meno ya utoto yanayosimama ukingoni mwa pengo, na yale ya ziada ambayo huota hapo mara nyingi, hung'olewa wiki kadhaa kabla ya upandikizaji ili ufizi upone na uwe mzima wa kushonwa. Msing'oe lolote kwa hiari yenu kabla daktari wake na mtaalamu wa kunyoosha meno hawajalitazama kwa pamoja kwenye picha, kwa sababu wakati mwingine jino la utoto lililo karibu na pengo ndilo linaloushikilia mfupa mwembamba uliobaki, na wakati mwingine kato la pembeni la kudumu limejificha nyuma yake. Taya likihitaji kupanuliwa kwanza, kazi hiyo inaweza kuchukua miezi sita au zaidi. Kwa mtoto wa miaka minane ambaye upasuaji wake umekadiriwa ndani ya mwaka mmoja, miadi ya mtaalamu huyo ndiyo ya kuombwa sasa. Baada ya upandikizaji, picha ya miezi sita ndiyo itakayoonyesha mfupa uliobaki umefika wapi, na iwapo chonge limeanza kuteremka.